Pendulamu yangu inapanda

Ninayo karatasi moja ya grafu niliyoitunza kwenye faili la mbele kabisa. Ni ya mwanafunzi wangu wa kidato cha tano, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati). Pembe zake zimekunjika na wino mwekundu umeanza kufifia, lakini mwandiko wangu bado unasomeka: "Mstari haupiti kwenye sifuri. Rudia." Chini yake nimeandika 11/20 na kuzungushia duara. Kila muhula, kabla sijaanza kusahihisha kazi za maabara, naitoa kwanza naiangalia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya pendulamu, ile ambayo kila aliyepitia fizikia anaijua: stendi, uzi, kitufe, yaani kile kizito kinachobembea mwishoni mwa uzi, na saa. Unabadilisha urefu wa uzi, unapima muda wa mibembeo, kisha unachora grafu ya mraba wa muda wa mbembeo mmoja dhidi ya urefu. Mteremko wa mstari huo ndio unaokupa g, yaani mchapuko wa kitu kinachovutwa na dunia. Vitufe vyetu vya chuma vilikuwa vimepotea kimoja kimoja kwa miaka, basi tulimwendea fundi seremala jirani na shule akatuchongea vya mbao, kila kimoja kina upana wa sentimita 4 na kulabu ndogo juu yake. Naomba msomaji akikumbuke kitufe hicho.

Darasa lilikuwa na wanafunzi 63 na meza 9. Mwongozo wa kusahihishia niliurithi kwa mwalimu aliyenitangulia, nami sikuwahi kuuhoji. Ulisema mstari lazima uwe mnyoofu na upite kwenye sifuri, jedwali liwe safi, na g iwe karibu na 9.8. Kijana huyu alikuwa na nukta tano zilizokaa vizuri kwenye mstari mmoja, ila mstari wake ulikata mhimili wa wima juu kidogo ya sifuri, kwenye 0.08. Jedwali lake nalo lilikuwa na vipimo viwili vilivyokatwa kwa kalamu, pembeni ameandika kwamba alihesabu mibembeo 9 badala ya 10, akapima upya. Nikamkata alama za mstari, nikamkata na za usafi. Meza ya jirani walileta g ya 9.81 kamili, jedwali halina hata mkwaruzo, mstari umepita sifuri kama umechorwa na mashine. Hao niliwapa 19.

Miezi kadhaa ilipita. Tulikuwa tumepata kompyuta 10, nane kati yake zinawaka, nami nikapanga kuwafundisha wanafunzi kutengeneza modeli ya pendulamu kwenye Excel. Nilihitaji vipimo halisi vya kulinganisha na modeli, nikafungua faili la kazi za zamani. Bila kupanga, mkono ukaangukia karatasi ya yule kijana. Safari hii sikuwa nasahihisha, nilikuwa nahitaji namba zake, kwa hiyo nilizisoma kweli. Mteremko wake ulitoa g ya 9.75. Hilo lilinishtua, kwa sababu wale waliolazimisha mstari upite sifuri kwa vitufe vilevile, na walikuwa wengi, walipata kama 9.5.

Nikamwita. Akaja na "shikamoo" ya wasiwasi, akidhani ana kosa. Nikamuuliza: "Urefu wa uzi ulipima kutoka wapi hadi wapi?"

"Kutoka kwenye stendi mpaka kwenye kulabu, Mwalimu. Hapo ndipo uzi unapoishia."

Jibu lilikuwa hilo. Urefu wa pendulamu hupimwa hadi katikati ya kitufe, na kitufe chetu kilikuwa na nusu-upana wa sentimita 2. Kila urefu wake ulipungua kwa sentimita 2, na kwa kuwa upungufu ulikuwa uleule kwenye nukta zote, mteremko haukuguswa. Kilichosogea ni mahali mstari unapokata mhimili. Tulichukua rula pale pale tukaurefusha mstari wake kuelekea kushoto hadi ukakata mhimili wa urefu. Ukakata kwenye hasi 2. Grafu ile ilikuwa imepima nusu ya upana wa kitufe bila yeye kujua, na bila mimi kujua, nami nikaiandikia "Rudia".

Niliwahi kukosea kusahihisha, kila mwalimu hukosea. Hili liliniuma kwa namna nyingine, kwa sababu mwongozo wangu ulikuwa umewaadhibu waliokuwa wakweli na kuwazawadia waliolazimisha. Kijana alichora kile alichokiona. Wengine walichora kile walichojua nakitaka. Siku iliyofuata nilisimama mbele ya darasa, nikaichora grafu yake ubaoni, nikaeleza kosa la kipimo lilikuwa wapi na kosa la kusahihisha lilikuwa wapi, na alama zake zikawa 18. Mbili zilibaki kwa sababu kweli hakupima hadi katikati. Alifurahia zile mbili kuliko alivyofurahia zile saba alizorudishiwa, maana alielewa zimeondoka kwa kosa gani.

Kuanzia hapo nilianza kuogopa kazi safi. Wanafunzi wenyewe wana neno lao, wanasema "kupika data", na nadhani kila shule ya sekondari nchini neno hilo linaeleweka. Unaanza na jibu la kitabuni, unarudi nyuma kwa kikokotoo hadi kwenye sekunde, unajaza jedwali. Kuna dalili zake. Saa ya simu huonyesha hadi sehemu za mia ya sekunde, na kidole cha binadamu huchelewa au kuwahi kama sehemu mbili za kumi ya sekunde, kwa hiyo mtu aliyepima mara mbili hawezi kupata 20.10 na 20.10, kisha 17.98 na 17.98, kisha 15.57 na 15.57. Mikono hairudii hivyo. Dalili nyingine ni 9.81 yenyewe. Thamani ya 9.80665 ni ya makubaliano, iliyowekwa kimataifa mwaka 1901, na kwetu karibu na ikweta g iko kwenye 9.78 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo mno, kwa uzi na saa ya simu huwezi kuitenganisha, kwa hiyo namba hiyo peke yake haimtii mtu hatiani. Lakini meza nne zikileta 9.81 zote, nauliza.

Hapo huwa nawasimulia habari ya Jean Richer. Mwaka 1672 Mfaransa huyo alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi kama 5 kaskazini mwa ikweta, amekwenda kwa kazi ya kuchunguza nyota. Saa yake ya pendulamu, iliyorekebishwa vizuri Paris, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Angeweza kusema saa imeharibika njiani baharini. Badala yake alipima siku baada ya siku, akafupisha pendulamu hadi ikaenda sawa, akaandika kiasi alichofupisha. Baadaye Isaac Newton alikitumia kipimo hicho katika hoja kwamba dunia imetanuka kwenye ikweta. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba sisi tuko latitudo zinazokaribiana na za Richer, na kwamba kama angepika data, habari ile ingechelewa kufika.

Ila na uoga nao una hasara zake, na hasara hiyo niliitia mimi. Mwaka uliofuata kundi moja la wasichana lilileta vipimo vizuri kupita kiasi. Vipimo vya kwanza na vya pili vilipishana kwa sehemu chache tu za mia ya sekunde. Niliwaita, na kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua nikawaambia wamepika. Mmoja wao hakubishana. Alisema tu, "Mwalimu, tunaomba turudie mbele yako." Nikakubali. Wakafunga uzi, wakaweka alama ya chaki ukutani nyuma ya sehemu ya chini kabisa ya mbembeo, mmoja akahesabu kwa sauti, na hawakuhesabu mibembeo 10 kama nilivyoelekeza, walihesabu 50. Kosa la kidole likigawanywa kwa 50 linabaki sekunde 0.004. Walikuwa wameligundua wenyewe. Waliongeza kitu ambacho mwalimu wao hakuwafundisha, na malipo yake yakawa kuitwa waongo.

Niliwaomba radhi pale pale maabara. Tangu hapo simshutumu mwanafunzi kwa kuangalia karatasi. Vipimo ghafi vinaandikwa kwa kalamu ya wino, hakuna kufuta, ukikosea unapiga mstari mmoja ili kilichokosewa kisomeke, na kabla kundi halijafungua stendi napita nasaini chini ya jedwali na kuandika saa. Fundi sanifu wetu wa maabara, mzee anayeifahamu maabara ile kuliko mimi, hunisaidia kusaini. Ni dakika moja kwa meza. Imepunguza upishi kuliko hotuba zangu zote za uadilifu.

Sasa nije kwenye modeli, maana huko nilikuta makosa yaleyale yamevaa nguo nyingine.

Jedwali la Excel lilikuwa jepesi. Safuwima A ina muda, B ina pembe, C ina kasi ya kuzunguka, D ina mchapuko unaotokana na nguvu ya mvutano. Kila mstari ni hatua moja ya sekunde 0.01. Seli B3 ni B2 ukijumlisha C2 mara 0.01. Seli C3 ni C2 ukijumlisha D2 mara 0.01. Unavuta fomula hizo chini mistari elfu moja na unapata sekunde 10 za pendulamu, mibembeo mitano hivi kwa uzi wa mita moja. Mwanafunzi anayeweza kupiga hesabu za kujumlisha na kuzidisha anaweza kuitengeneza, na uzuri wake ni kwamba hakuna mahali ambapo jibu limefichwa. Unaiambia kompyuta kani iko wapi, mengine inayatafuta yenyewe hatua kwa hatua.

Niliwaambia: anzeni na pembe ya nyuzi 10, nileteeni grafu na ripoti ya ukurasa mmoja. Wengi walikwama mwanzoni kwa sababu Excel inahesabu pembe kwa radiani na wao waliandika 10 tupu, grafu zikawa kama mtu anayetetemeka kwa homa. Hilo lilitatuliwa haraka.

Kijana mmoja alimaliza kabla ya wote. Grafu yake ilikuwa wimbi zuri, kila kilele kwenye nyuzi 10, muda wa mbembeo sekunde 2.01. Nikampa 18. Kisha nikafika kwenye faili la binti mmoja anayekaa karibu na dirisha, mtu wa maneno machache. Wimbi lake lilikuwa linakua. Limeanza nyuzi 10, kilele cha pili 11, kilele cha sita kimefika kama 16. Kalamu yangu ilikuwa imeshagusa karatasi. Halafu nikasoma ripoti yake. Kwetu fizikia ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na ripoti yake yote ilikuwa kwa Kiingereza kile cha kukariri, tahadhari zilezile ambazo kila mwanafunzi hunakili, ikiwemo kwamba alizima feni, ilhali maabara yetu haina feni. Chini kabisa, kama mtu aliyechoka kutafuta maneno, alikuwa ameandika kwa Kiswahili:

"Pendulamu yangu inapanda. Hakuna mtu aliyeisukuma."

Nilirudia kuisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Katika karatasi 63 hiyo ilikuwa sentensi pekee iliyotazama matokeo na kuyauliza swali la fizikia. Kitu hakipandi juu zaidi ya kilipoanzia bila kusukumwa. Binti alijua kanuni ya kuhifadhi nishati, aliiona inavunjwa na kompyuta, na hakuiamini kompyuta. Wala hakujaribu kuificha grafu.

Kesho yake tulikaa pamoja kwenye kompyuta. "Mwalimu, fomula nimezihakiki mara tatu," alisema, na kweli fomula zake zilikuwa sahihi zote, zile nilizowapa mimi. Nikamwambia abadilishe hatua iwe sekunde 0.05. Pendulamu ikaruka kutoka nyuzi 10 hadi kama 16 kwa mbembeo mmoja tu. Tukaishusha hatua hadi 0.001, faili likawa na mistari elfu kumi na kompyuta ikaganda kwa muda, lakini ilipozinduka wimbi lilikuwa karibu limetulia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe inapanda kwa sababu ya hatua."

Njia ile inaitwa ya Euler, kwa jina la Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18. Inachukua kasi ya mwanzo wa hatua na kuitumia hadi mwisho wa hatua, kana kwamba kasi haibadiliki njiani. Ni kama mtu anayezunguka uwanja wa duara kwa kutembea hatua zilizonyooka, kila hatua anatoka nje kidogo ya mstari wa chokaa, na baada ya mizunguko michache amefika majukwaani. Kwenye pendulamu huko kutoka nje ndiko kunakoongeza nishati. Dawa yake ni ndogo hadi inashangaza: kwenye fomula ya B3 ondoa C2 weka C3, yaani pembe mpya ihesabiwe kwa kasi mpya. Binti alibadilisha namba hiyo moja, akavuta chini, na wimbi likatulia. Alicheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya darasani.

Nilimpa 17. Ndipo nikarudi kwenye faili la yule kijana wa grafu nzuri, maana swali lilinijia ambalo nilipaswa kuwa nimeuliza mapema: kama wote walitumia fomula zangu zenye kasoro, yeye aliwezaje kupata wimbi lililotulia? Nikabonyeza seli ya B3. Ndani yake kulikuwa na 10 mara COS, fomula ya kitabuni. Safuwima za kasi na mchapuko zilikuwa mapambo, namba zilizonakiliwa. Alikuwa amechora jibu.

Nilimwita, safari hii bila sauti ya hukumu. "Nionyeshe nguvu ya mvutano iko wapi kwenye jedwali lako." Akatazama skrini muda mrefu. "Haipo, Mwalimu." Nikamuuliza angefanyaje kama ningemwambia aongeze ukinzani wa hewa, au aanze na nyuzi 60. Hakuwa na pa kuushika uzi, fomula ya cosine ni ya pembe ndogo peke yake. Sikumpa sifuri. Nilimpa wiki moja ajenge upya, na modeli aliyoleta ilipanda kama za wengine, ikiwa na maelezo yake kwa nini. Kwangu hiyo ilikuwa kazi bora kuliko ya kwanza.

Tangu mwaka ule nadai kila modeli iwe na safuwima ya tano: kitu ambacho hakitakiwi kubadilika. Kwa pendulamu isiyo na ukinzani ni nishati. Mwanafunzi akiniletea wimbi zuri na safuwima ya nishati inayopanda, tunazungumza kuhusu safuwima. Nawaonyesha pia zile modeli za tayari za PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambapo unaweza kuipeleka pendulamu Mwezini au Jupita kwa kubonyeza. Ni nzuri kwa kufundishia na kupimia, lakini fizikia yake imeshatiwa ndani na mtu mwingine, kwa hiyo sizisahihishi kama modeli ya mwanafunzi. Nazisahihisha kama maabara.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile inayokutanisha meza ya maabara na kompyuta. Vitabu vyao vinasema muda wa mbembeo hautegemei pembe, wanasahau maneno "kwa pembe ndogo". Nawaambia: modeli yako inasemaje ukianza na nyuzi 60, uzi wa mita moja hadi katikati ya kitufe? Lazima waandike utabiri kwa wino, nausaini, ndipo waende kupima. Modeli inatoa sekunde 2.16 badala ya 2.01, yaani mibembeo 10 itachukua 21.6 badala ya 20.1. Sekunde moja na nusu, hata kidole kizito kinaiona.

Kundi moja lilipima mara nne, likapata wastani wa 21.2. Zamani, kwa mwongozo wangu wa kurithi, ningeandika "karibu sawa" na kutoa alama. Wao hawakuridhika. Mmoja wao aliweka kipimapembe cha ubaoni nyuma ya uzi, wakaona kwamba kufikia mbembeo wa kumi pembe imeshuka hadi nyuzi 45 hivi, kwa kuwa kitufe cha mbao ni chepesi na hewa inakizuia. Wakarudi kwenye kompyuta, wakaendesha modeli ileile kwa kuanzia nyuzi 45. Ikatoa 20.9. Ripoti yao iliandika kwamba pendulamu yao halisi ilianza kwenye modeli ya kwanza na kuishia kwenye ya pili, na 21.2 yao imeangukia kati ya 21.6 na 20.9 kama inavyopaswa. Hawakuwa wameweka ukinzani wa hewa kwenye modeli, lakini walikuwa wameuzingira kutoka pande mbili. Niliwapa 20 kwa 20, na ni mara chache sana naiandika namba hiyo. Mzee wa maabara aliponiuliza kulikoni natabasamu peke yangu nilimpa karatasi akaisoma yote akiwa amesimama.

Mgawanyo wangu wa alama siku hizi umebadilika. Kati ya 20, sita ni za vipimo ghafi na jinsi vilivyochukuliwa, nne za grafu au modeli yenyewe, sita za kile mwanafunzi alichofanya na jambo lililokataa kukaa sawa, na nne tu za jibu la mwisho na vizio vyake. Si wote wanaofurahi. Kuna mzazi aliyekuja ofisini kuuliza kwa nini mwanawe mwenye jibu sahihi ana 11. Nilimtolea karatasi, nikamwonyesha sehemu ya sita hizo ilikuwa tupu, mwanawe hakuona jambo lolote la kueleza katika saa mbili za maabara. Hakukubaliana nami moja kwa moja. Nami naelewa wasiwasi wake, kwa sababu mbele kuna mtihani wa taifa wa vitendo wenye taratibu zake, na siwezi kuwanyima wanafunzi maandalizi ya mtihani huo. Muhula wa mwisho wa kidato cha sita nasahihisha kwa namna mbili, kwa kalamu mbili za rangi tofauti kwenye karatasi moja: bluu ni alama ambazo nakadiria wangepata kwenye chumba cha mtihani, kijani ni alama zangu. Wanajifunza kusoma zote mbili.

Na kuna mazungumzo ya mdomo, ambayo sitayaacha tena. Dakika tano kwa kila mwanafunzi, kwa Kiswahili, yeye na jedwali lake. Nina maswali mawili tu ya kudumu: "Ulijuaje?" na "Ni kipimo gani hapa unachokitilia shaka kuliko vyote?" Nimekuta wanafunzi wenye ripoti dhaifu ambao kwa mdomo wanaieleza kazi hadi unataka kupiga makofi, lugha tu ilikuwa imewafunga. Nimekuta na kinyume chake. Wanafunzi 63 kwa dakika tano ni saa tano na robo, nayagawa kwa wiki mbili, mengi yakiwa baada ya vipindi, mengine chini ya mwembe umeme ukikatika.

Kinachonisumbua bado ni kompyuta. Wanafunzi wanane kwa mashine moja, mmoja anabonyeza, saba wanatazama, faili ni moja, na mimi natakiwa kutoa alama nane. Nilichojaribu muhula huu ni kumkalisha kila mmoja peke yake mbele ya modeli ya kundi na kumwambia abadilishe urefu kutoka mita 1 hadi mita 0.25, ila kabla hajabonyeza aniambie muda wa mbembeo utakuwaje. Wanaosema "robo" wanajulikana, na wanaosema "nusu" nawauliza kwa nini.

Juzi msichana mmoja aliyekuwa nyuma ya kundi lake muhula mzima, ambaye sidhani kama amewahi kuigusa ile kipanya, alisema nusu, akaeleza mzizi wa mraba kwa vidole vyake juu ya meza, kisha akaniomba kama anaweza kubonyeza mwenyewe. Jumatatu nampangia akae kwenye kiti cha mbele.